Tuipumzishe Dawa Kama Tunavyolipumzisha Ziwa

Kila mwaka tarehe 1 Desemba sheria ya Zambia hulifunga Ziwa Mweru, na halifunguliwi mpaka Februari iishe. Kwa miezi mitatu nyavu zinakaa nchi kavu, na nyumba za Nchelenge, Kashikishi na kisiwa cha Chisenga zinaishi kwa mihogo, akiba na subira. Ni miezi migumu, hasa kwa mama ambaye riziki yake ni kununua chisense, wale dagaa wa Mweru, kuwaanika na kuwauza. Lakini hakuna haja ya kumhubiria mvuvi sababu. Anajua samaki wanazaa.

Nyuma ya sheria hiyo kuna kumbukumbu chungu. Zamani Luapula ulikuwa mto wa mpumbu. Maji yalipojaa, samaki hao walipanda mto kwa makundi kwenda kutaga, na watu wakawa wanawangojea palepale njiani. Migodi ya Katanga ilikuwa na vinywa vingi vya kulisha, na wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga walinunua samaki kwa wingi kuwapeleka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wazazi walivuliwa kabla hawajataga, mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1950 biashara ya mpumbu ilikuwa imekwisha, na ule wingi wa zamani haukurudi tena.

Naanza na samaki ingawa ninachotaka kuzungumza nanyi ni mbu. Nafanya hivyo kwa sababu watu wa Mweru wameshaijua, kwa hasara yao, kanuni ninayotaka kuieleza: aliyenusurika ndiye anayezaa, na kizazi kinachofuata kitafuata damu yake. Kwa samaki tunaiogopa kanuni hii kwa kuwa tukimaliza wazazi hatupati watoto. Kwa mbu inatugeukia upande wa pili. Dawa ikiwaua wanyonge wote na kuwaacha wachache isiowaweza, hao wachache ndio watakaozijaza nyumba zetu.

Chisenga ni kisiwa cha wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ni Kongo: Pweto, Kasenga, na Kilwa (msomaji wa pwani asiichanganye na Kilwa Kisiwani). Huko ng'ambo Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya bandari. Upande wa Zambia nako kimeingia na watu wake: tangu mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Nchelenge, yamepokea maelfu ya ndugu zetu waliokimbia vita na machafuko ya Kongo. Kwa hiyo ninapowaandikia kwa Kiswahili juu ya Mweru siwaandikii watu wa mbali. Nawaandikia wenyeji na wageni wao, na pia ninyi wa Kigoma, Mwanza, Kisumu, Bukavu na popote penye maji, mafunjo na taa za wavuvi usiku, maana yanayotokea Nchelenge yako njiani kuja kwenu, au yameshafika.

Nchelenge ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi kuliko zote. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti cha Macha na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba katika wilaya hiyo, wakipima damu na kutega mbu. Mara kwa mara wamekuta karibu nusu ya waliopimwa wana vimelea vya malaria mwilini, na wengi wao walikuwa wanaendelea na shughuli zao bila kujihisi wagonjwa.

Mbu anayetawala hapo anaitwa Anopheles funestus. Ndugu yake, Anopheles gambiae, hupenda vidimbwi vya mvua, vile vinavyotokea kwenye nyayo za ng'ombe na matairi ya malori, na jua likikaza vidimbwi hukauka na mbu hupungua. Funestus hategemei mvua. Anataga kwenye maji ya kudumu yenye majani: kingo za ziwa, vijito vinavyotiririka polepole, mabwawa ya matete. Kwa maneno mengine, Mweru na Luapula ni nyumba yake ya mwaka mzima, na kiangazi kinapokuja yeye anaendelea. Ziwa lina miezi mitatu ya mapumziko. Mtu wa Chisenga hana hata mwezi mmoja wa kupumzika na mbu huyu.

Funestus ana tabia tatu ambazo kwa muda mrefu zilitusaidia kumpiga. Anapenda damu ya binadamu kuliko ya mnyama. Anauma zaidi usiku wa manane, watu wakiwa wamelala ndani. Na akishashiba, anatua ukutani humohumo kupumzika. Ndiyo maana chandarua chenye dawa na upuliziaji wa dawa-ukoko ukutani vilikuwa silaha zinazomfaa kabisa, kama vile zilitengenezwa kwa ajili yake.

Dawa iliyomo kwenye chandarua cha kawaida ni ya jamii ya pareto. Wakulima wa Molo kule Kenya na wa Mufindi kule Tanzania wanalijua ua hilo jeupe lenye moyo wa njano. Mababu zao walilichuma kwa vikapu. Wanakemia walichukua sumu ya ua hilo wakaiiga maabara, wakatengeneza zinazostahimili jua na kufuliwa. Ni dawa nzuri. Inamwangusha mbu haraka na haimdhuru mtoto aliyelala chini yake. Kati ya mwaka 2000 na 2015 inakadiriwa kwamba Afrika iliepushiwa wagonjwa wa malaria milioni 663 kwa hatua zote za kinga na tiba, na zaidi ya theluthi mbili ya hao ni kwa ajili ya chandarua. Naomba tuikumbuke takwimu hiyo kila tunaposikia mtu akisema vyandarua havikusaidia kitu.

Lakini kwa sababu ni nzuri, tuliipeleka kila mahali. Kwenye vyandarua vyote. Kwenye kuta. Kwenye makopo ya kupuliza mende. Kwenye zile dawa za kuchoma za mzunguko. Kwenye nyanya, kabichi na pamba. Bara zima likawa linapiga kwa fimbo moja, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi.

Watu husema mbu wameizoea dawa. Nalielewa neno hilo, nami nimelitumia, ila linatupotosha. Mbu mmoja haizoei dawa kama mlevi anavyozoea pombe. Aliyezaliwa mnyonge akiigusa atakufa leo, na angeigusa jana angekufa jana. Aliyezaliwa na kinga ataishi. Kinga hiyo hakuinunua popote. Ilitokea kwa bahati kwenye vinasaba vya babu yake, pengine kabla dawa yenyewe haijabuniwa. Kazi yetu sisi imekuwa kuwaondolea wenye kinga washindani wao.

Tufanye hesabu ya mfano. Kisiwani kuna mbu jike 10,000, na kati yao 10 tu wana kinga. Tunapulizia dawa nyumba zote. Wanakufa 9,990 na watu wanalala raha. Kila mtu anaisifu dawa, na ni haki yake kuisifu. Wale 10 wanabaki na damu yote ya kunyonya na maji yote ya kutagia. Kila mmoja anaweza kutaga mayai kama 100 kwa mkupuo mmoja, na yai linafika kuwa mbu kamili katika wiki mbili au tatu. Baada ya misimu michache mbu wamerudi kuwa 10,000, isipokuwa safari hii wenye kinga ni wengi. Kinachotisha ni kwamba huwezi kuwatofautisha kwa macho. Wanalia masikioni vilevile.

Ndani ya mwili wa mbu mambo yako hivi. Neva zake zina vilango vidogo vinavyofunguka na kujifunga ili ujumbe upite. Dawa ya jamii ya pareto huvishika vilango hivyo visijifunge. Mbu anatetemeka, anaanguka, anakufa. Gambiae wengi siku hizi wanazaliwa na kilango chenye umbo lililobadilika kidogo, na dawa ikifika haipati pa kushika. DDT nayo hulenga vilango hivyohivyo, na ndiyo maana mbu aliyeishinda moja mara nyingi ameishinda na nyingine hata kama hajawahi kukutana nayo. Funestus wa kusini mwa Afrika alipita njia nyingine. Mwili wake unazalisha kwa wingi vimeng'enya vinavyoikatakata dawa kabla haijafika kwenye neva, kama jikoni penye visu vingi kuliko nyama. Mbu wengine ngozi yao ya nje imekuwa nene, dawa inapenya kwa shida. Na kuna walioonekana Afrika Magharibi wenye protini miguuni inayoinasa dawa pale wanapotua, isiingie ndani.

Kupima usugu huu si uchawi. Mbu wanaingizwa kwenye mrija uliotandikwa karatasi yenye dawa, wanakaa humo saa 1, kisha wanahamishwa na kusubiriwa saa 24. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, wakifa 98 au zaidi kati ya 100, dawa bado ina nguvu. Wakifa chini ya 90, mbu hao ni sugu. Funestus wa Nchelenge walipopimwa, dawa za jamii ya pareto zilionekana zimepungukiwa nguvu kwao. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2014 kuta za wilaya hiyo zikapuliziwa Actellic, dawa ya jamii nyingine kabisa, isiyogusa vile vilango vya neva.

Matokeo yake nayaeleza kama yalivyo, kwa sababu yana funzo pande zote mbili. Baada ya miaka mitatu ya kupulizia maeneo yaliyochaguliwa, vimelea katika damu za watu vilipungua kwa takriban robo wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi hakukuonekana upungufu. Robo si haba: ni mtu mmoja kati ya kila wanne waliokuwa wabebe ugonjwa. Lakini mahali ambapo mbu anazaliwa mwaka mzima, dawa inayofifia ukutani baada ya miezi kadhaa, na iliyopuliziwa katika baadhi tu ya nyumba, haiwezi kushinda peke yake. Inahitaji wenye nyumba.

Tumewahi kuona pia kinachotokea dawa ikishindwa bila watu kujua. Mwaka 1996 Afrika Kusini iliacha kupulizia DDT katika KwaZulu-Natal ikahamia kwenye jamii ya pareto. Funestus alikuwa ametoweka huko tangu miaka ya 1950. Akarudi, na safari hii dawa mpya haikumsumbua. Mwaka 2000 nchi hiyo ilihesabu wagonjwa wa malaria zaidi ya 60,000, jambo ambalo kizazi kizima hakikuwahi kuliona. Ilibidi kuirudisha DDT kwenye kuta na kubadilisha dawa ya kutibu ndipo moto ukazimika. Nchi yenye maabara, fedha na barabara nzuri ilihitaji miaka minne. Sipendi kufikiria kisiwa kinachofikiwa kwa boti kingehitaji mingapi.

Na sisi wenyewe tunalo kovu kama hilo. Tuliokua miaka ya klorokwini tunakumbuka jinsi ilivyotutia muwasho mwili mzima, na jinsi ilivyotuponya, mpaka ikafika siku haikuponya tena. Vimelea vilikuwa vimepita njia ileile ya mbu. Zambia ilikuwa ya kwanza Afrika kuamua, mwaka 2002, kuiacha na kuingia kwenye dawa mseto. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikapitia dawa ya SP, na mwishoni mwa 2006 ikafika kwenye mseto. Neno lenyewe linaeleza hekima yake: dawa mbili pamoja, anayeponea ya kwanza akutane na ya pili.

Hekima hiyo sasa imefika kwenye vyandarua, na hapa Waswahili tuna la kujivunia, kwa sababu ushahidi mkubwa umetoka vijijini kwetu. Wilaya ya Muleba, Kagera, ndiko kulikojaribiwa vyandarua vilivyoongezewa PBO, kemikali inayovifunga mikono vile vimeng'enya ili dawa ifike kwenye neva. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, na tangu hapo nchi nyingi zimevichukua. Kisha wilaya ya Misungwi, Mwanza, ikajaribu aina nyingine yenye dawa mbili, mojawapo ikiitwa klofenapiri. Dawa hii inanifurahisha kila ninapoifikiria. Inaingia mwilini mwa mbu ikiwa haina makali mengi, na vimeng'enya vya mbu mwenyewe, vilevile anavyovitumia kuvunjavunja dawa za pareto, ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu kamili. Baada ya miaka miwili, katika vijiji vya Misungwi vyenye vyandarua vya kawaida watoto 46 kati ya 100 walikuwa na vimelea. Kwenye vijiji vya chandarua hiki kipya walikuwa 26. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha vyandarua hivi vitumike mahali penye mbu sugu.

Nimeandika haya yote kwa furaha, na kwa hofu. Hofu yangu ni kwamba tutakipokea chandarua kipya kama tulivyokipokea cha zamani, tutaieneza dawa yake kwenye mashamba na makopo, na baada ya miaka kumi mtu mwingine atakaa kuandika wito huu upya. Dunia haina dawa nyingi za kuchezea. Mwaka 2023 malaria iliua watu wanaokadiriwa kuwa 597,000, na wengi wao ni watoto wa Afrika wasiofika miaka mitano.

Kwa hiyo ndugu zangu, nina maombi. Sitayapanga kwa umuhimu, kwa kuwa kila nyumba inajua lake.

Wapulizaji wakija, wafungulieni. Najua inavyochosha kutoa kila kitu nje, magunia ya chisense, vyombo, kitanda cha mgonjwa. Najua pia harufu yake, na kwamba siku mbili za kwanza mende wanamiminika kutoka kwenye nyufa hadi mtu akajuta. Vumilieni. Na ukuta ukishapuliziwa usiupake udongo mpya wala chokaa mpaka msimu upite, maana unaifukia dawa. Nyumba moja iliyokataa ni mahali pa mbu kupumzikia akitoka kumuuma jirani.

Mama, ukifua chandarua tumia sabuni ya kawaida na maji ya baridi, na ukianike kivulini; jua kali huimaliza dawa. Kikichanika kishone. Hata dawa ikiisha kabisa, chandarua kizima bado ni ukuta kati ya mtoto na mbu, awe sugu au asiwe sugu. Watu wa ziwani mna bahati ambayo wa milimani hawana: kila nyumba ina mtu anayejua kuziba tundu la wavu gizani, kwa kupapasa tu. Mikono hiyo ikigeukia chandarua, itakuwa kazi ya robo saa.

Na kuvua kwa chandarua. Sinyooshi kidole. Mtu ambaye ndani hamna unga, na mkononi ana wavu uliogawiwa bure, anaona chakula cha leo, na njaa ya leo ina sauti kubwa kuliko homa ya mwezi ujao. Lakini nyote mliowahi kulivuta kokoro mnajua macho madogo yanachukua nini. Chandarua kinabeba vifaranga vya samaki ambao wangekuwa pale, yaani perege, wa mwakani. Tena dawa iliyomo, isiyomdhuru mtoto, ni sumu kali kwa samaki. Tunapoteza mara mbili, kitandani na ziwani. Cha zamani kisichoshoneka tena kizibie madirisha na ule mwanya kati ya ukuta na paa, mbu anapopitia. Na viongozi wa vijiji wanaopokea vyandarua vya msaada, wasemeeni wavuvi wenu kwa wanaoleta: watu wanahitaji pia nyavu halali za bei wanayoimudu.

Wewe unayekwenda kulala kambi ya uvuvi, beba chandarua chako. Vibanda vya majani havina ukuta wa kupulizia dawa, na mwanamume anayerudi nyumbani na vimelea damuni amemletea mbu wa Chisenga mzigo wa kubeba. Hapa pana jambo linalosahaulika: mbu sugu hazaliwi na malaria. Anaichukua kwa mtu, kisha inakaa mwilini mwake siku kumi au zaidi kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Mtu akipimwa mapema, akameza dozi ya mseto hadi kidonge cha mwisho, mbu huyo hata akiishi atakuwa anatusumbua tu kwa muwasho.

Mkulima wa bustani kando ya kijito, nawe ninakuomba. Pima dawa kwa kipimo kilichoandikwa, si kwa kizibo cha kukisia. Usisuuze bomba lako la mgongoni kijitoni. Masalia hayo hukutana na viluwiluwi vya mbu majini, yanawaua wanyonge, na uteuzi unakuwa umeanza kabla hawajaota mabawa. Dawa ya shamba isiingie chumba cha kulala, hata kama muuza duka anaapa ni ileile.

Na watafiti wakiomba kutundika mtego wa taa kando ya kitanda chako usiku mmoja, wakubalie. Naelewa wasiwasi wa mtu kuingia chumbani kwako na kuondoka na wadudu kwenye kikombe. Muulize maswali yote unayotaka. Lakini bila hao mbu kupimwa, serikali itanunua dawa ya mwaka ujao kama mtu anayenunua viatu bila kujua mguu.

Viongozi nao wana deni kubwa zaidi. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa za ukutani zibadilishwe kwa zamu, ikiwezekana kila mwaka, na ukutani isitumike jamii ileile iliyomo kwenye vyandarua. Sababu yake ni ileile ya kulifunga ziwa. Kinga ya mbu mara nyingi ina gharama. Anayetumia nguvu zake kuzalisha vimeng'enya hukua polepole au hutaga machache, na dawa ile ikipumzishwa wanyonge hupata nafasi ya kurudi na kumzidi. Si kinga zote zinazopungua hivyo, na ile ya vilango vya neva huweza kudumu miaka mingi, ndiyo maana ni afadhali kupumzisha dawa ikiwa bado ina nguvu kuliko kungoja izimike. Lakini zamu inataka fedha iliyopangwa mapema na maghala yenye zaidi ya aina moja. Inataka pia Zambia na Kongo zizungumze. Kila mvuvi wa Mweru anajua ziwa lililofungwa upande mmoja tu linavyolindwa nusu. Mbu wa Pweto na wa Nchelenge wananyonya watu walewale, wanaovuka kila wiki kwa biashara na misiba.

Ninyi mnaohudhuria mikutano ya kijiji, nawaachia maswali ya kumuuliza ofisa wa afya, kwa adabu na bila kuchoka. Dawa ya mwaka huu ni ya jamii gani? Ya mwaka jana ilikuwa gani? Mbu wetu sisi, wa hapa, walipimwa lini mara ya mwisho, na walikufa wangapi kati ya mia? Ninyi mnaozungumza redioni kwa Kiswahili na Kibemba, yarudieni maswali hayo hewani mpaka yawe ya kawaida kama kuuliza bei ya unga.

Desemba itakuja, ziwa litafungwa, na mikono mingi itakosa kazi ya majini. Sindano za nyavu zitakuwa zimelala na nyuzi zake. Chagueni siku moja wiki ya kwanza, kila mtaa ulete vyandarua vyake uwanjani. Vijana wavinyanyue juu dhidi ya mwanga, wazee waonyeshe matundu, wanaojua kushona wawafundishe wasiojua. Anzeni na cha kitanda cha mtoto mdogo kuliko wote.